Mbwa Huyu, Bunduki Hii

Mtaa wa Wandegeya, ulio chini ya kilima cha Makerere mjini Kampala, umepewa jina la ndege: endegeya kwa Kiganda, mnana kwa Kiswahili. Hapo ndipo tunapofundisha Kiswahili nyakati za jioni, na hapo ndipo mwanafunzi wetu mmoja alipotuletea swali zito. Jirani yake alikuwa akihama nyumba. Alikuwa na mbwa wa jamii ya spanieli, mzee, aliyecheza na watoto wake miaka kumi na miwili. Mwanafunzi aliandika ubaoni: "Mbwa hii haina kazi tena, itupwe?"

Tulisahihisha, kama ilivyo desturi yetu: "Mbwa huyu hana kazi tena, atupwe?" Tulipoisoma sentensi hiyo kwa sauti, darasa likanyamaza. Bunduki hii ikiharibika huuzwa chuma chakavu, wala hakuna anayelalamika. Je, mbwa wa bunduki naye ni kifaa cha msasi, au ni nani?

Tusiharakishe kujibu kwa sarufi. Upatanisho wa viumbe hautoi hukumu ya maadili. Hata kupe na kunguni ni "huyu". Yafaa tutazame historia ya mbwa mwenyewe.

Jina la spanieli huhusishwa na nchi ya Hispania. Kabla ya bunduki kuenea, kazi yake ilikuwa kukurupusha ndege nyasini ili wanaswe kwa nyavu au wakamatwe na kozi waliofunzwa. Bunduki ilipokuja, kazi ikabaki ile ile. Huko Uingereza watoto wa mimba moja waliweza kugawanywa kwa ukubwa tu: wakubwa wakaitwa springa, yaani wakurupushaji, na wadogo wakaitwa koka, kwa jina la ndege mmoja wa misituni. Springa alitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 1902. Hufunzwa kumletea msasi ndege aliyeanguka bila kumtoboa kwa meno.

Tulitafakari jambo hili. Mnyama mla nyama amezalishwa, kizazi baada ya kizazi, abebe chakula kinywani asikile, na autazame uso wa binadamu akingoja amri. Upole huo huo ndio unaomfanya apendwe na watoto nyumbani. Na upole huo huo ndio unaomwangamiza akitupwa. Mbwa wa mitaani hujua kuishi kwa mabaki ya sokoni. Spanieli mwenye masikio mazito, yanayougua upesi yasiposafishwa, amezoea kungoja mkono wa mtu. Udhaifu wake ni kazi ya mikono yetu. Hapo ndipo deni linapozaliwa, na deni hilo haliishi kazi inapokwisha.

Wako watakaosema: watu wenyewe wana njaa, mbwa ni nani? Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Asiye na uwezo hana lawama asipofuga. Lakini aliyefuga amejifunga. Akishindwa, amtafutie mlezi mwingine. Mbwa akiwa na maumivu yasiyo na dawa, daktari wa mifugo ampe kifo kisicho na mateso. Kumwacha kando ya barabara ni kumtwika jirani mzigo wetu, na pengine kichaa cha mbwa kwa watoto wa wengine.

Pwani yetu nayo ina la kutufunza. Waislamu huruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Kumfuga kwa anasa tu hawakupendi. Hata hivyo, mapokeo hayo hayo yanasimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mbwa yule hakuwa amemwindia hata kwale mmoja.

Basi, ndugu walimu, tunapofundisha upatanisho, tusiishie kwenye viambishi. Sarufi haiwezi kumzuia mtu asimtupe mbwa wake. Inaweza kumnyima maficho tu: atakayeamua kumtupa aseme "huyu", ajisikie akisema, kisha afungue mlango.