Mlango wa Chama na Haki ya Jirani

Haifichikani kwa mwenye akili kwamba kura ni ushahidi, tena ni amana. Na amana, kama ilivyoamrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, hufikishwa kwa anayeistahiki.

Desturi ya vyama vya Unguja na Pemba ni kumteua mgombea kwanza kwa kura za maoni, nazo ni za wanachama au wajumbe wao. Asiye na kadi husubiri nje. Wenye kuitetea desturi hii wana hoja: nyumba ina wenyewe, na mgeni huenda akaingia kwa hila, akamchagua aliye dhaifu ili chama chake kipate kushinda siku ya uchaguzi.

Lakini na itazamwe hali ya Wingwi. Mwaka 1995 chama cha CUF kilipata viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi, na mwaka 2010 kikapata vyote 18. Penye hali hiyo, aliyepita ndani ya chama alikwisha kuwa mwakilishi kabla ya siku ya kura. Basi mvuvi wa Wingwi asiye na kadi, ambaye naye ahitaji maji, na dawa, na mwalimu wa wanawe, aliachiwa kuthibitisha jambo lililokwisha kukatwa.

Sayyidna Umar bin Khattab alipojeruhiwa, mwaka 23 wa Hijra, aliwaachia watu 6 wamchague khalifa miongoni mwao. Abdulrahman bin Auf akajitoa katika kuutaka ukhalifa, akapewa kazi ya kuchagua; wala hakutosheka na rai ya wenziwe, bali alizunguka Madina akiuliza watu. Uteuzi ulikuwa wa wachache, ushauri ukawa wa wengi.

Ama hila, yaweza kupunguzwa kwa sheria. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kila mpiga kura huruhusiwa kushiriki uteuzi wa chama akitakacho, ila hawezi kupiga katika vyama viwili. Yaliyobaki ni ya moyoni, na hayo hayana askari ila khofu ya Mungu.

Basi pale ambapo uteuzi ndio uchaguzi, haki ni kuufungua mlango. Naye aingiaye ajue kwamba kumchagua asiyefaa kwa makusudi ni ushahidi wa uongo; na amchague yule ambaye angeridhika kuongozwa naye hata chama chake mwenyewe kikishindwa. Kufungua ni wajibu wa mwenye nyumba, na niya safi ni wajibu wa jirani.

Mwenyezi Mungu awaongoze waja Wake kwenye uadilifu. Amin.