Jumatano: Sato Naye Ana Kiota

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Kwa nini Mungu aliambatanisha kiota cha ndege na ahadi ya maisha marefu?

Aliyekuta kiota hakukatazwa kula. Aliruhusiwa kuchukua makinda, ila mama aachwe aende zake, apate kutaga tena.

Katika maji mafupi ya Ghuba ya Mwanza, karibu na Busisi, sato naye ana kiota. Dume huchimba kishimo chini ya maji. Jike hutaga humo, kisha hubeba mayai na watoto kinywani hadi waweze kujitegemea. Kokoro likiburuzwa kuja ufukweni hukomba vyote: kiota, mama na watoto. Ndiyo maana sheria inalikataza. Na katika maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, uvuvi wa nyavu hauruhusiwi kabisa, ili samaki wapate mahali pa kuzaliana.

Si kila avutaye kokoro ana moyo mgumu. Mara nyingi wavu ni wa tajiri, na mvutaji ana watoto wanaosubiri unga. Huenda ni mshiriki. Siku ya Sabato huleta zaka, mweka hazina humwandikia risiti, na washiriki wenzake walikwisha kununua samaki hao mwaloni siku ya maandalio.

Kwa majadiliano: Mshiriki kama huyu akiacha kokoro wiki hii, nyumba yake itakula nini mwezi ujao? Darasa lenu liko tayari kubeba sehemu gani?