Nje ya Wodi ya Njiti

Mama mmoja wa usharika wetu alijifungua mimba ikiwa na wiki 24. Mtoto hakufika gramu 700. Damu ilipovujia ubongoni, daktari aliwaita wazazi akawauliza kama aendelee kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Sisi waombaji tulikuwa nje, kwenye benchi. Mmoja wetu (nisiseme uongo, ni mimi) akamwambia baba wa mtoto: "Ukikubali waitoe, huna imani."

Neno lile limenisumbua tangu siku hiyo.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 28 mapafu yake hayajakomaa, na mishipa ya ubongo ni laini mno. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika nchi maskini zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hufa siku za kwanza. Katika nchi tajiri hawafiki asilimia 10. Basi tusiwe wepesi kusema njiti akifa ni mapenzi ya Mungu. Mara nyingi ni ukosefu wa joto, dawa na wauguzi. Kumfunga mtoto kifuani kwa mama, huduma iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hakuhitaji hata umeme.

Lakini kupona si mwisho wa habari. Wapo wanaokua vizuri wakasoma. Wengine hubaki na mtindio wa ubongo, upofu au ugumu wa kujifunza, na siku ya uamuzi daktari hawezi kusema kwa hakika huyu atakuwa yupi. Thamani ya mtoto haipimwi kwa hayo. Hata hivyo, kumheshimu aliyeumbwa na Mungu si lazima kuwe kurefusha kufa kwake kwa mirija na sindano. Mashine ikitolewa, matunzo hayakomi: atapewa dawa ya maumivu, atapakatwa, atabatizwa, ataitwa jina lake. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, kisha akakipokea.

Wazazi wale waliamua aendelee, naye akaishi. Sasa ana miaka tisa. Hatembei, ila kwaya ikianza hucheka. Mama yake humbeba mgongoni mpaka kanisani, na kati yetu tuliosali kwa sauti kuu pale benchi hakuna aliyewahi kukaa naye hata Jumamosi moja ili mama apumzike. Baba alipoomba mlangoni pajengwe njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, tulimjibu kwamba fedha hakuna. Mwaka huohuo tulipaka kanisa rangi.