Neno "Karibu" ni Deni



Wazee wetu walitufundisha ya kuwa ahadi ni deni. Mwezi huu twataka kuuliza kama mwaliko nao ni deni vilevile. Mtu akisema "Karibu", wala hatazamii kwamba aliyeambiwa atakuja kweli, je, amefungwa na neno lake? Na mgeni akifika, tena akiwa si wa namna ile aliyoidhania mwenyeji, je, mwenyeji aweza kulirudisha neno lake kinywani? Swali hili si dogo kwetu. Sisi tuliopewa kazi ya kuwaita watu twasema "Karibu" mara nyingi kuliko wengine, na kama neno hilo ni deni, basi deni letu ni kubwa kuliko lao.

Ili kulichungua swali hili tumechagua habari ya senema moja ya Marekani, iliyotolewa mwezi wa Desemba 1984, iitwayo Starman, yaani Mtu wa Nyota. Wako watakaoshangaa kuona gazeti la sharika likisema habari za senema. Walakini Bwana wetu alifundisha kwa mfano wa kadhi dhalimu na wa wakili mdanganyifu, wala hakuona haya. Kitu kikiweza kutuonyesha moyo wetu, na tukitazame.

Habari hiyo yaanzia katika jambo lililotendeka kweli. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager 1 na Voyager 2, ili vikazichungue sayari za mbali. Katika kila kimoja walifunga sahani ya santuri, ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55 na muziki wa mataifa mengi. Kiswahili hakimo, lakini Kiganda kimo, na salamu yake yawatakia wasikiaji amani ya Mungu siku zote. Mnenaji wa Kichina cha Amoy awauliza wale wa mbali kama wamekwisha kula, kisha awaalika waje kututembelea wakipata nafasi. Umo wimbo wa wasichana wa Mbuti wa msitu wa Ituri katika Kongo, na muziki wa Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu, umo mara tatu. Waliotuma sahani hizo walijua ya kuwa huenda zisisikiwe na yeyote. Hata hivyo walisema neno lao, na vyombo vile vingali vyasafiri.

Senema yauliza hivi: Ingekuwaje kama mmoja angesikia, akaitika, akaja?

Katika hadithi hiyo anakuja mgeni mmoja, si mwenye silaha, bali mwenye kuitikia salamu. Merikebu yake ya angani inapoikaribia nchi ya Marekani yapigwa kombora, nayo yaanguka katika jimbo la Wisconsin, karibu na nyumba ya mjane kijana, Jenny Hayden. Usiku ule mjane huyo alikuwa akitazama picha za mumewe, Scott, aliyekufa, akilia. Mgeni yule, asiye na mwili kama wetu, aona katika kitabu cha picha unywele wa marehemu uliowekwa kwa ukumbusho, na kwa huo ajifanyizia mwili. Jenny anapoamka amwona mbele yake mtu mwenye sura ya mume wake aliyezikwa, naye hajui kutembea vema, na maneno yake ni zile salamu za santuri. Mgeni ana siku tatu tu za kufika katika shimo kubwa la Arizona, mahali jiwe la mbinguni lilipoanguka zamani sana. Huko wenzake watakuja kumchukua. Asipofika, atakufa. Basi amlazimisha Jenny kumpeleka kwa motokaa, na askari wa serikali wawafuata nyuma.

Aliyeitengeneza senema hii ni John Carpenter, na waliocheza ni Karen Allen na Jeff Bridges. Bridges alitajwa miongoni mwa waliostahili tuzo kuu ya waigizaji ya Marekani, lakini hakuipata. Watu wengi hawaikumbuki tena senema hii, maana miaka miwili kabla yake, mwaka 1982, ilitoka E.T. ya Steven Spielberg, habari ya mgeni mwingine wa mbinguni aliyepokewa na watoto, nayo ilipendwa ulimwenguni kote. Hii ya pili ilionekana kama mdogo anayefuata nyuma ya kaka yake mashuhuri. Sisi twadhani haikutendewa haki. Mtoto hupokea upesi, kwa sababu hajafundishwa bado kuogopa. Jenny ni mtu mzima, mwenye jeraha moyoni na bastola nyumbani. Kumpokea mgeni ukiwa mtoto ni jambo zuri. Kumpokea ukiwa umekwisha kuumizwa ni jambo gumu, na hilo gumu ndilo tuliloagizwa sisi watu wazima.

Lakini haifai tuwahukumu upesi wale waliotupa kombora. Hofu si dhambi. Mlinzi amewekwa ili aogope kwa ajili ya wengine, na sote twajua ya kuwa si kila abishaye hodi usiku ni mtu mwema. Carpenter huyu huyu, mwaka ule wa 1982, alikuwa ametengeneza senema nyingine, The Thing, ya kiumbe cha mbinguni huko Antaktika kivaacho miili ya watu ili kuwaangamiza. Tazameni: katika senema zote mbili mgeni avaa mwili wa mwanadamu. Katika moja auvaa ili aue, katika nyingine auvaa ili aweze kusema nasi. Kwa nje alama ni moja. Basi tutajuaje?

Jibu la senema laonekana kwa watu wawili wa serikali. Wa kwanza ni George Fox, mkuu wa wale wanaomwinda mgeni. Yeye ataka kumkamata, akiwa hai au akiwa maiti, ili wataalamu wamchunguze. Kwake mgeni ni kitu, si mtu. Wa pili ni Mark Shermin, mtu wa elimu. Naye ana mashaka, naye amfuatia mgeni. Lakini yeye ndiye anayekumbuka ya kuwa huyu aliitwa. Mwisho amkuta mgeni pamoja na Jenny katika nyumba ya chakula, akaketi naye, akamwuliza. Naye mgeni amjibu ya kuwa ameona jambo zuri kwa wanadamu: mambo yanapokuwa mabaya kabisa, ndipo wao wanapokuwa wema kabisa. Ndipo Shermin awaachilia waende, ingawa ajua ya kuwa atapata hasara. Fox alianza na silaha, na kwa hiyo hakujua lolote. Shermin aliketi kwanza, kisha akauliza, na kwa hiyo alijua.

Hii ndiyo desturi ya wazee wetu pia. Mgeni hupewa kiti na maji, ndipo aulizwe atokako na shida yake. Kuuliza hakukatazwi, wala si kukosa upendo; ila kuna utaratibu: kiti kwanza, maswali baadaye. Mwenye kualika ana haki ya kuuliza, lakini hana haki tena ya kuanza kwa jiwe.

Sisi tuandikao hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwetu jioni mtu mmoja aliyenyeshewa mvua, mwenye lafudhi ya mbali, akasema ni Mkristo, aomba mahali pa kulala. Tulimwuliza barua ya mchungaji wake. Akasema hana. Tukamwambia, kwa maneno mazuri, arudi asubuhi tukutane na wazee. Hakurudi. Huenda alikuwa mwongo, huenda alikuwa mkweli. Hatukujua, wala hatutajua, kwa sababu tulitaka cheti kabla ya kutoa kiti. Na juu ya mlango aliosimama paliandikwa "Karibuni nyote". Maandishi hayo tuliyaagiza sisi wenyewe kwa fundi, tukamlipa. Tangu siku hiyo tunapopita chini yake hatuyasomi kwa raha.

Jenny hakumwalika mtu. Hakusema neno lolote katika santuri. Lakini yeye ndiye aliyelipa deni la watu wa nchi yake, kidogo kidogo. Kwanza aliogopa, akatafuta njia ya kukimbia. Kisha, walipotua njiani, alimwona mgeni akisimama mbele ya paa aliyeuawa na wawindaji, aliyefungwa juu ya motokaa yao, akamhuisha akamwacha akimbie. Jenny akaona ya kuwa huyu aliyemwogopa asikitikia hata mnyama. Yatupasa kukumbuka tena ya kuwa uso ulikuwa wa Scott, lakini mtu hakuwa Scott. Jenny angaliweza kumpenda mgeni kwa ajili ya marehemu tu, kama mtu apendavyo picha. Ilimpasa ajifunze kumpenda kwa ajili yake mwenyewe, naye kwa kujifunza hivyo aliweza hatimaye kumwacha mumewe alale kaburini kwa amani. Methali yetu yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wengi huidhani ni habari ya kitoweo, kwamba mgeni akija na mwenyeji naye hula vizuri. Katika hadithi hii twaona maana yake iliyo ndani: mwenyeji alikuwa mgonjwa kwa huzuni, na dawa ililetwa na mgeni.

Kuna mambo mawili ambayo mchungaji hana budi kuyasema. La kwanza, Jenny na mgeni walilala pamoja njiani katika gari la moshi, naye Jenny, aliyekuwa tasa, akachukua mimba. Hilo hatuliweki mbele ya vijana kuwa mfano, maana ndoa ina heshima yake na agano lake. La pili, wako watakaosema ya kuwa mgeni huyu ni mfano wa Kristo, kwa kuwa alimhuisha paa, na Jenny mwenyewe alipopigwa risasi. Tuwe na hadhari. Mgeni yule alikuwa na vitufe saba tu vya nguvu, vikaisha kimoja kimoja. Mauti akaiahirisha, hakuishinda. Tena hakuja kuchukua dhambi ya mtu yeyote. Tusimfanye mwokozi; yatosha kuwa yeye ni mgeni, maana katika Maandiko neno hilo peke yake lina uzito. Ibrahimu huko Mamre aliwakimbilia watu watatu asiowajua, akawapa maji na kivuli na chakula, kabla hajatambua ni nani waliomjia. Na Waraka kwa Waebrania watukumbusha ya kuwa wengine walipokea malaika bila kujua.

Methali nyingine yatuambia mgeni tumpe jembe siku ya tatu. Mtu wa Nyota hakupewa hata nafasi ya kufika kwenye jembe. Siku zake zote tatu zilikuwa za kukimbizwa. Mwisho walifika pale shimoni Arizona, askari wakiwa juu yao, akamwaga Jenny, akamwachia kitufe cha mwisho kwa ajili ya mtoto, akaenda zake. Sahani ya dhahabu ilimwita, kombora likampokea, na katika nchi nzima ni mjane mmoja na mtu mmoja wa elimu waliolitimiza neno la mwaliko.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Wengi wetu Walutheri twaomba mezani ile sala fupi ya kumwita Bwana Yesu awe mgeni wetu. Watoto waijua kwa moyo, nasi mara nyingi twaisema upesi, chakula kisipoe. Je, twatazamia aje? Huo ni mwaliko, ndugu, tena tumeutuma mara nyingi kuliko ile santuri. Naye Bwana mwenyewe alitangulia kutuambia, kama Mathayo alivyoandika katika sura ya 25, kwa sura gani atakuja: mwenye njaa, mgonjwa, mfungwa, mgeni. Hatatokea kwa uso tuliouzoea. Atakuwa na lafudhi ya mbali, na pengine hatakuwa na barua.

Basi, enyi waalimu wa Injili na wazee wa sharika, kabla ya kuomba tena sala ile, hesabuni viti nyumbani mwenu, muone kama kipo kimoja cha ziada. Neno tumekwisha kulisema. Bwana atujalie tuwe tumeketi tayari kulilipa, siku ile hodi itakapopigwa.