Wema kwa Usiyemjua

Lipo swali la kale katika mambo ya maadili, nalo ni hili: Je, yatupasa kumtendea wema mtu ambaye bado hatujamjua, wala hatujui kama anastahili? Wahenga wetu walijibu kwa maneno machache: Tenda wema nenda zako. Leo twataka kulitazama swali hilo katika mahali ambapo wasomaji wengi hawangetazamia kulikuta, yaani katika mchezo wa video wa zamani, uliotengenezwa Japani zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Twajua kwamba wazazi wengi hawaipendi michezo hiyo. Wasema yawala watoto muda, na kwamba yawazoeza kupiga na kuua. Lawama hizo si za bure, kwa maana ipo michezo ya namna hiyo, na ni mingi. Lakini si haki kukihukumu kitu kizima kwa kosa la sehemu yake. Vitabu vibaya vipo, wala hakuna mtu mwenye akili anayewakataza watoto wake kusoma.

Mchezo tunaousema waitwa Soul Blazer. Ulibuniwa na kampuni ya Quintet na kutolewa na kampuni ya Enix mwaka 1992, kwa mtambo wa Super Famicom, ambao nje ya Japani wajulikana kwa jina la Super Nintendo. Mwaka huohuo ulifika Marekani, na baadaye Ulaya. Muziki wake, ambao wachezaji wengi waukumbuka hata leo, ulitungwa na Yukihide Takekawa, mwimbaji wa kundi la Godiego. Ni mchezo wa namna ambayo mchezaji hushika nafasi ya shujaa mmoja, akapigana kwa mkono wake mwenyewe, na kadiri anavyopambana ndivyo nguvu zake zinavyoongezeka.

Kisa chake ni hiki. Mfalme Magridd, mtawala wa dola ya Freil, alikuwa mtu wa tamaa. Alimkamata mvumbuzi hodari aitwaye Dakta Leo, akamlazimisha kutengeneza mtambo wa kumwita pepo mbaya, jina lake Deathtoll. Pepo huyo akafunga biashara na mfalme: kwa kila roho ya kiumbe hai atakayopewa, yeye atalipa sarafu moja ya dhahabu. Mfalme akakubali. Watu wakatoweka, kisha wanyama, kisha hata mimea, mpaka dunia ikawa tupu. Hapo ndipo mtawala wa mbinguni alipomtuma mjumbe wake ashuke kuziokoa roho zile. Katika Kijapani mtawala huyo ni mungu. Waliofasiri kwa Kiingereza walimwita Bwana tu, kwa kuwa siku zile Nintendo ya Marekani ilikuwa ikiondoa maneno ya dini katika michezo yake.

Tuitazame kwanza biashara ya mfalme. Yeye hakuuza roho yake mwenyewe, kama wafanyavyo wapumbavu wa hadithi nyingine. Aliuza roho za wengine, asizokuwa na haki nazo hata kidogo. Tena bei ilikuwa moja kwa wote: mzee, mtoto na mbuzi, kila mmoja kwa sarafu moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mfalme huyo kibaba kilijaa kwa maangamizi ya ulimwengu wake wote. Mtu akikubali mara moja kumwekea bei mwenzake, hana tena pa kusimama na kusema, Huyu simuuzi.

Sasa tuitazame kazi ya shujaa. Anapofika katika nchi, haoni mji. Aona uwanja mtupu. Karibu yake pana mapango na misitu yenye matundu ya mazimwi. Kila tundu latoa mazimwi yake, na shujaa akiisha kuyashinda yote, tundu lafungika. Naye akilikanyaga, mara aonyeshwa kule mjini kiumbe mmoja akirudi mahali pake. Pengine ni mzee na nyumba yake. Pengine ni mbuzi. Pengine ni ua moja tu la bustani. Hivyo mji wajengwa tena, roho moja baada ya nyingine, mpaka uwanja uliokuwa kimya wajaa sauti.

Na hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema. Shujaa anaposimama mbele ya tundu, upanga mkononi, hajui hata kidogo ni nani aliyefungwa mle. Aingia vitani kwanza, ndipo amjue aliyemwokoa. Hawezi kuchagua kumwokoa tajiri na kumwacha fukara, wala kumtanguliza mwenye zawadi na kumwacha asiye na kitu. Wengi kati ya hao waliofunguliwa hawana cha kumpa ila neno la salamu. Katika nchi ya milimani akuta vijitu ambavyo umri wao ni mwaka mmoja tu. Je, yafaa kupigana vita kwa ajili ya kiumbe ambaye mwakani hatakuwapo? Mchezo wajibu kwamba yafaa, wala hauleti hoja ndefu. Wamwonyesha tu kiumbe huyo akifurahia siku alizo nazo.

Lakini haikomei hapo, wala mchezo huu haurudii tu maneno ya wahenga. Wahenga walisema, nenda zako. Shujaa huyu hawezi kwenda zake, kwa maana mara nyingi njia ya mbele imefungwa, na mwenye kujua namna ya kuifungua ni mmoja wa wale aliowaokoa. Hana budi kurudi mjini, aende kwa huyu na kwa yule, akawasikilize. Amepewa uwezo wa kusema na wanyama na mimea, na baadaye apata fimbo ya kumwingiza katika ndoto za waliolala. Mwenye nguvu amhitaji aliyekuwa mnyonge. Wako watu wengi wapendao kusaidia lakini hawapendi kusikiliza; hutoa msaada wao kisha wakageuza uso, kana kwamba aliyesaidiwa hana neno la maana. Wema wa namna hiyo ni nusu ya wema.

Huenda msomaji akatupinga akisema: Imani yetu haifundishi kwamba ua lina roho kama ya mwanadamu, sembuse wanasesere na vyombo vya nyumbani, ambavyo pia husema katika mchezo huo. Ni kweli, haifundishi hivyo. Lakini katika hadithi za bibi zetu sungura na fisi wasema kama watu, wala hatujapata kusikia mtoto aliyepotoka kwa sababu hiyo. Hadithi ina desturi zake. Yatosha mzazi aketi na mwanawe na kumweleza palipo na mpaka kati ya hadithi na mafundisho.

Mwingine atasema: Lakini bado kuna upanga, na bado kuna kuua. Hilo nalo ni kweli, na hatutaki kulificha. Hata hivyo yafaa tuulize upanga huo wafanya kazi gani. Katika michezo mingi ushindi wahesabiwa kwa walioanguka. Katika mchezo huu wahesabiwa kwa waliorudi. Mtoto akiuzima mtambo jioni, aacha nyuma yake mji wenye watu ambao asubuhi hawakuwapo. Tofauti hiyo si ndogo, na mtoto aweza kuielewa bila kufundishwa.

Basi, enyi wazazi, msiulize tu watoto wenu wanacheza kwa saa ngapi, ingawa swali hilo nalo ni la lazima. Waulizeni pia: Katika mchezo wako, nguvu ni za nini? Anayeshinda aacha nini nyuma yake? Mtoto anayeweza kujibu swali hilo juu ya mchezo ataweza siku moja kulijibu juu ya fedha, juu ya cheo na juu ya elimu. Maana sisi sote tumesimama mbele ya matundu ambayo hatujui nani amefungwa ndani yake. Mgonjwa wa jirani, yatima wa ukoo, mgeni abishaye hodi usiku: hatujui watakuwa nani kesho, wala kama watatukumbuka. Anayengoja kujua kwanza hatamfungua mtu yeyote.