Mgonjwa Akimwandikia Mgonjwa

Andiko: 2 Wakorintho 1:3-4

Leo nianze na kosa langu. Mwaka jana mama mmoja wa kanisa letu alitoka hospitali akiwa hawezi kutembea, nami nikafuta jina lake kwenye orodha ya viongozi wa maombi. Nilijiambia namhurumia. Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu za biashara (ndizo nilizosomea, mnisamehe): mashine ikiharibika, unaiondoa kwenye vitabu.

Baadaye nikasoma habari za Amy Carmichael. Alizaliwa Ireland mwaka 1867, akafika India mwaka 1895. Huko Dohnavur, kusini mwa nchi, aliwapokea watoto waliokuwa hatarini, hasa wasichana waliotolewa kwa mahekalu. Walimwita Amma, yaani mama. Hakurudi kwao tena. Huyo hakuwa mtu wa kukaa kitako!

Oktoba 1931 akatumbukia kwenye shimo lililochimbwa mahali asipolitarajia. Mguu ukavunjika. Hakupona sawasawa, maumivu mengine yakafuata, na hadi alipofariki Januari 1951, miaka kama 20 hivi, alishinda karibu wakati wote chumbani mwake.

Utauliza, kwani hakuombewa? Aliombewa, tena na watu wa imani. Hapo ndipo sisi Wapentekoste hukwama. Mtu akikawia kupona tunaanza kunong'onezana: imani yake iko wapi? Ameficha dhambi gani? Mimi naamini Mungu anaponya, na nitaendelea kuwawekea wagonjwa mikono. Lakini mtu ana ugonjwa tayari, mbona tumwongezee kesi?

Sasa sikizeni alichogundua Amy pale kitandani. Maandishi mengi ya kuwafariji wagonjwa yalikuwa yameandikwa na watu wenye afya yao. Maneno mazuri, lakini hayakumfikia. Basi akaandika yeye mwenyewe, barua za mgonjwa kwa wagonjwa wenzake, zikawa kitabu Rose from Brier mwaka 1933. Hakungoja kwanza apone ndipo apate ushuhuda. Paulo naye anasema hivyo hivyo kwa Wakorintho: faraja tunayowapa walio katika dhiki ni ile ambayo sisi wenyewe tulipewa na Mungu tukiwa katika dhiki. Sasa mimi, ambaye sijawahi kulala hospitali hata usiku mmoja, nilikuwa nimemnyamazisha mtu mwenye faraja hiyo.

Wiki iliyopita nilienda kumwomba yule mama msamaha. Nikafungua Biblia nimhubirie, si mnatujua sisi wachungaji. Akaniambia, "Pasta, hebu keti kwanza." Kisha akaniombea mimi, polepole, akipumzika katikati ya maneno.

Jina lake limerudi kwenye orodha. Ataongoza maombi ya Alhamisi, saa tatu usiku, kwa simu, akiwa kitandani. Akichoka mapema, tutamaliza mapema.