Farasi Asiyeshinda Auzwe Lini?

Kazi iliingia Jumanne saa nne usiku nikiosha sufuria. Mteja wa ng'ambo alitaka maneno 1,100 kuhusu gemu ya simu ya kusimamia farasi wa mbio. Unapewa banda, pesa kidogo na farasi watatu, halafu ujipange. Alikuwa ametuma maswali kumi ambayo mtu anayeanza huuliza, na mimi niyajibu kwa sauti ya mtu aliyezeekea ndani ya hiyo gemu. Malipo shilingi 350 kwa ukurasa wa maneno 275. Piga hesabu: kurasa nne, shilingi 1,400, zikipitia kwa jamaa mmoja wa Kahawa Wendani ambaye akaunti ni yake na hukata chake kwanza.

Nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Ndivyo tunavyofanya. Huku Kiuu na mitaa jirani kuna vijana wengi walio macho usiku, wakiandikia watu wasiowajua mambo wasiyoyajua. Mimi nimeandika kuhusu uuguzi, kuhusu sheria za bahari, kuhusu saruji. Nimewahi hata kumwandikia mwanafunzi mmoja insha ya maadili kuhusu udanganyifu. Alipata alama nzuri, nikalipwa, na mpaka leo sijui nicheke au nifanye nini. Mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu.

Lakini farasi nilikuwa sijawahi hata kumgusa. Mnyama wa kazi huku kwetu ni punda wa mkokoteni, na farasi wa karibu zaidi ni wale wa kwenye skrini za maduka ya kubeti, waliotengenezwa na kompyuta, wanaokimbia kila baada ya dakika chache bila jasho. Wale hawana maswali. Unaweka pesa, wanakimbia, unapoteza, wanakuja wengine.

Nikapakua gemu nikakaa nayo siku mbili. Maswali mengi yalikuwa mepesi. Kwa nini farasi wangu anaongoza halafu anaishiwa karibu na mwisho? Kwa sababu umempeleka umbali usio wake. Kuna farasi wa mita 1,000 na kuna wa mita 2,400, na huwezi kumgeuza mmoja kuwa mwingine kwa kumlisha. Nimkimbize kila wiki? Hapana, atachoka, na uchovu hauonekani hadi siku ya mbio. Nianze kwa kununua wa bei ghali? Hapana, utabaki na farasi mzuri na huna pesa ya chakula chake.

Swali la tano ndilo lililonifanya niweke chai chini. Kwa nini farasi wangu alishinda mara mbili kisha akaanza kushindwa? Kumbe katika mbio nyingi farasi hawabebi uzito sawa. Kuna ofisa ambaye kazi yake ni kuangalia nani amekuwa akishinda, kisha anampangia uzito zaidi, na kama joki ni mwepesi, vipande vya risasi vinaongezwa kwenye tandiko. Aliye na kasi abebe zaidi, aliye nyuma apewe nafasi. Kwa nadharia, wakipimwa sawasawa, wote wafike pamoja. Na si mambo ya gemu tu, hata mbio za ukweli ziko hivyo. Nikasema hawa matajiri wa farasi wamempita Nyerere.

Halafu likaja la saba: farasi asiyeshinda nimuuze lini?

Ndani ya gemu jibu halina mjadala. Mpe mbio tano. Asipoingia tatu bora, mwondoe, kwa sababu kila siku anakula sarafu arobaini na nafasi anayolalia ingekuwa ya mwingine. Nikaandika: "Uza mapema, usiingize hisia." Nikafunga kompyuta. Usingizi ukakataa.

Mwaka 2014 dada yangu alifanya KCSE akapata C+. Hiyo ndiyo alama ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu Kenya, lakini siku hizo kuifikia hakukutosha. Walioitwa kwa udhamini wa serikali walikuwa na zaidi, na wengine walijilipia. Mama huuza nyanya na vitunguu sokoni Githurai. Alijua mimi nakuja nyuma, na walimu walikuwa wameshamwambia kwamba mimi ndiye kichwa. Akafanya hesabu zake. Dada akaenda kujifunza kusuka nywele kwa saluni ya jirani. Mimi nikafanya mtihani 2016, nikapata B-, na kwa darasa letu kila aliyepata C+ kwenda juu alipewa nafasi. Dada angezaliwa miaka miwili baadaye, kwa alama ile ile, angeitwa. Yule ofisa wa uzito alibadilisha kanuni wakati mbio zake zilikuwa zimeshaisha.

Mkopo wa HELB ulishughulikia karo. Chumba, nauli na chakula vilitoka kwa mikono ya dada, kichwa kimoja baada ya kingine. Yaani aliyeondolewa bandani ndiye aliyekuwa akimlisha aliyebaki. Na aliyebaki, mwaka wa tatu, akaacha. Sababu zake si za kuhadithia: ilianza na pesa, ikaja uvivu, halafu aibu, na aibu ndiyo iliyonifungia mlango kabisa.

Sasa, mama alikosea? Nimeligeuza hili swali miaka mingi na kila mara naishia kumtetea. Pesa ilikuwa ya mtoto mmoja. Angegawa nusu kwa nusu, tungeacha shule wote wawili mwaka wa kwanza. Kuna watu husema mzazi hafai kuchagua kati ya watoto, na kwa kawaida ni watu ambao hawajawahi kulazimika. Kuchagua si dhambi. Ila kuna kitu kinachofuata baada ya kuchagua, na hicho ndicho kilichokuwa kinanikwaruza kwenye lile jibu langu la maneno manne. "Uza mapema" haisemi farasi anaenda wapi. Kwenye gemu unabonyeza kitufe na anatoweka, na nafasi yake inang'aa kijani.

Nilitaka kujua wanaenda wapi. Jumapili nikapanda 45 hadi tao, nikachukua 111 ya Ngong Road, hadi uwanja wa farasi. Nauli peke yake ilishaanza kula zile 1,400. Mbio ziko pale tangu 1954, chini ya Jockey Club of Kenya. Zamani zilikuwa upande wa Eastleigh, na jina la Race Course Road kule karibu na Kariokor ni mabaki ya siku hizo. Ni mahali pazuri, lazima niseme. Nyasi, miti, familia zimebeba vikapu. Beryl Markham, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake 1936 kutoka Uingereza kwenda magharibi, alifundisha farasi wa mbio nchini humu tangu akiwa msichana, na miaka yake ya mwisho aliishi kwa kinyumba pale uwanjani hadi alipofariki 1986. Yeye tunamjua. Masaisi waliowapiga farasi wake brashi alfajiri, wengi wao hatuwajui hata kwa jina moja.

Farasi wakipita karibu unawasikia kabla hujawaona vizuri, kifua kinatetemeka. Hakuna skrini inayoweza hiyo. Na miguu ni myembamba ajabu. Mnyama wa nusu tani amesimama juu ya vijiti vinne, na mguu ukivunjika vibaya mara nyingi humalizwa tu, kwa sababu hawezi kulala wiki nyingi kama mgonjwa, na akisimama, miguu iliyobaki inaumia kwa kubeba uzito wote.

Nilipata saisi mmoja, mzee kidogo, akiwa amepumzika kwenye kivuli. Nikamsalimia, nikamwuliza: mzee wangu, asiyeshinda anapelekwa wapi? Akaniangalia kama anayejiuliza nimetumwa na nani. Akasema wengine wanaenda kufundishia watoto kupanda, wengine polo, jike mzuri anazaa. "Na wengine?" Akasema, "Wengine wanaenda." Nikamwuliza kama farasi anajua ameshinda. Akacheka. "Anajua chakula kimefika."

Nimerudi nyumbani na hayo mawili: wengine wanaenda, na chakula kimefika.

Mawazo yangu, kwa vile nimeyapanga ndani ya matatu iliyokwama Thika Road, ni haya. Farasi wa gemu hanidai chochote. Nikizima simu hana njaa. Lakini farasi wa mbio wa kweli yuko duniani kwa sababu kuna mtu alitaka mbio. Hao Thoroughbred wote, ukifuata baba wa baba, wanarudi kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, na kitabu cha kuandika ukoo wao kilianza 1791. Kila mmoja alizaliwa kwa mpango. Aliyemwita mtu mezani hawezi kumwambia katikati ya chakula kwamba kiti kinahitajika. Ukimzaa kwa ajili ya mbio na mbio zikamkataa, njaa yake bado ni yako.

Na usifikiri dunia haijawahi kumhurumia anayeshindwa. Kulikuwa na farasi jike Japani, Haru Urara, aliyekimbia mbio 113 na kushindwa zote 113. Mwaka 2003 magazeti yakamgundua, nchi ikampenda. Watu wakanunua tiketi zake kama hirizi, maana tiketi ambayo "haigongi" ingekukinga na kugongwa na gari. Machi 2004 joki mashuhuri kuliko wote huko, Yutaka Take, akampanda mbele ya watu kama 13,000. Akawa wa kumi kati ya kumi na moja. Aliishi hadi 2025. Hadithi tamu, na mimi nilitaka kuimalizia hapo. Lakini uwanja wake wa Kochi ulikuwa na shida ya pesa, na kushindwa kwake ndiko kulikoleta wateja. Aliokolewa kwa sababu alianza kulipa. Ni hesabu ile ile, ila safari hii ilimwangukia vizuri. Kwetu imewaangukia punda vibaya: kuanzia 2016 vichinjio vilipofunguliwa na ngozi kuanza kwenda China, punda akawa na bei zaidi akiwa amekufa, wakawa wanaibwa usiku na watu kuamkia mizoga. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaiondoa hiyo marufuku mwaka uliofuata, na 2024 Umoja wa Afrika ukaja na yake. Punda afe mzigo wa bwana ufike, walisema wazee. Siku hizi punda mwenyewe ndiye mzigo.

Jumatatu jioni nikapitia kwa saluni ya dada. Ina viti viwili na kioo kimoja kirefu, na siku hiyo alikuwa anamalizia kichwa cha msichana wa chuo, ambayo ilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Nikangoja msichana aende. Nikamwambia yote, farasi, swali la saba, 2014, na kwamba namdai msamaha, yaani yeye ananidai, hata maneno yalinichanganya.

Alinisikiza akikunja taulo. Halafu akasema, "Kwa hivyo mimi ni farasi?"

Nikasema si hivyo.

"Wewe ndio umesema. Mimi niliuzwa, wewe ukabaki. Nani alikuambia nilikuwa kwa mashindano na wewe? Mimi niliambiwa hakuna pesa, nikalia wiki moja, nikaanza kazi. Hii saluni ni yangu. Wewe unakuja hapa kila mwaka kunililia kama nimekufa."

Sikuwa na jibu, na bado sina kamili. Najua ana haki. Huruma yangu imekuwa ikimweka palepale, 2014, ili mimi niwe na mtu wa kumwonea huruma. Lakini pia najua kwamba mtu huzoea sahani aliyopewa hadi anaiita chaguo lake, na kwamba akisema hanidai haimaanishi sidaiwi. Wiki moja ya kulia mimi sikuiona. Nilikuwa bweni, nikisoma. Hayo yote mawili nayaamini kwa wakati mmoja na yanasukumana.

Swali la saba nililijibu upya: uza ukilazimika, lakini kwanza jua anaenda wapi, na ukiweza weka nafasi moja bandani ya farasi asiyelipa. Mteja akairudisha, akasema haimsaidii mchezaji. Nikamrudishia "uza mapema." Kodi ilikuwa imefika. Nililipwa Ijumaa, na nauli ya Ngong hakuna aliyeniuliza.

Gemu sijaifuta. Nina jike mmoja wa kijivu, mbio ishirini na tatu, nafasi yake bora ni ya tano. Sarafu arobaini kila siku. Nimeuza dume langu zuri ili aendelee kula, na banda linaelekea kufilisika. Jana dada alikuja kuchukua chaja yake, akaikuta simu kitandani ikiwa wazi.

"Huyu wa mwisho ni wa nani?"

"Wangu."

"Anakimbia ngapi?"

"Mita 1,200."

Akasogeza kidole juu, akasogeza chini, ile rekodi yote, mistari ishirini na tatu, kila mahali 1,200, 1,200. Akaniangalia.

"Na ndefu umeshawahi kumjaribu?"